MAFUNZO YA AFYA: UKUTA WA UTUMBO NA SABABU YA KUULINDA

Wasomaji wetu wote wanajua kwamba chakula kikiliwa hushuka tumboni, kikalainishwa humo, kisha makapi yake yakatoka nje. Lakini tukiuliza, "Chakula hicho kilipita mlango gani hata kikaingia katika damu?" ni wachache watakaoweza kujibu. Swali hili si la wanafunzi wa udaktari peke yao. Kwa watu wa Lodwar na Kakuma, na wa nchi yote ya Turkana, ni swali la uzima na mauti. Maana maradhi matatu yaliyowasumbua sana, yaani kipindupindu, udhaifu wa watoto wakati wa njaa, na uvimbe wa maji katika ini, yote hushambulia au hupitia mahali pamoja, napo ni katika ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo ndio mlango wa riziki, na mlango huo huo ndio wanaoutafuta maadui. Katika somo hili tutautazama kwa karibu, jinsi unavyoonekana kwa hadubini, kisha tutaona ni nini kinachoudhuru na ni nini kinachoulinda.

MFEREJI MMOJA

Yafaa kwanza tufahamu kwamba njia ya chakula ni mfereji mmoja usiokatika, tangu kinywani mpaka njia ya haja kubwa. Chakula hushuka katika umio, ambao kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25, kikaingia katika mfuko wa tumbo. Kutoka hapo huingia katika utumbo mwembamba, ambao ukipimwa baada ya mtu kufa hupata kama mita 6, kisha katika utumbo mpana wenye urefu wa kama mita moja na nusu.

Huenda mtu akadhani kwamba chakula kikisha kumezwa kimekwisha kuingia mwilini. Sivyo. Tazama ushanga mmoja katika zile wanazovaa akina mama wa Kiturkana shingoni. Uzi hupita katikati ya ushanga, lakini haukuingia ndani ya kioo chenyewe. Umepita katika tundu tu. Kadhalika chakula kilichomo utumboni bado kimo katika tundu. Hakiwezi kumnufaisha mtu mpaka kivuke ukuta wa tundu hilo na kuingia katika damu. Kwa hiyo kazi yote ya tumbo na utumbo ni kukivunja chakula vipande vidogo mno, hata viweze kuvuka.

MATABAKA MANNE

Mtu yeyote aliyechinja mbuzi na kuosha matumbo yake amekwisha kuuona ukuta huu kwa macho yake. Ni kweli kwamba mbuzi ana vyumba vinne vya tumbo kwa ajili ya kucheua majani, na mwanadamu ana mfuko mmoja tu. Lakini utumbo mwembamba wa mbuzi na wa mtu umejengwa kwa namna moja. Ukiupasua kwa urefu na kuuosha, utaona kwamba upande wa ndani ni laini wenye utelezi, upande wa nje ni kama ngozi nyembamba inayong'aa, na katikati mna nyama inayovutika.

Wataalamu wakitaka kuona zaidi hukata kipande chembamba kuliko karatasi, unene wake sehemu moja tu katika 200 za milimita moja. Hukitia rangi mbili, ya zambarau na ya waridi, kisha hukiweka chini ya hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Hapo matabaka manne huonekana wazi, tukihesabu kutoka ndani kwenda nje.

La kwanza ni utando telezi, ambao hugusana na chakula. Juu yake kabisa pana safu ya seli, yaani zile chembe hai ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Chini ya safu hiyo mna mishipa myembamba ya damu.

La pili ni tabaka la kuunga. Hili ni laini, lenye nyuzi zinazovutika, na humo hupita mishipa mikubwa zaidi ya damu pamoja na mishipa ya fahamu.

La tatu ni tabaka la misuli. Misuli hii ni ya namna mbili: ya ndani imeuzunguka utumbo kama pete, na ya nje imelala kwa urefu wake. Ile ya pete ikijikaza nyuma ya chakula, chakula husukumwa mbele. Ndiyo maana mtu aweza kumeza hata akiwa amelala chali. Kati ya misuli hiyo miwili mna wavu wa mishipa ya fahamu unaoendesha kazi hii usiku na mchana, bila ya mtu kuiwaza.

La nne ni utando wa nje, mwembamba na wenye majimaji kidogo, ili matumbo yateleze yenyewe kwa yenyewe bila ya kukwaruzana. Umio kwa sehemu kubwa hauna utando huu. Huo umeshikamana na nyama zilizouzunguka.

Matabaka haya manne hupatikana karibu katika mfereji wote. Linalobadilika sana kutoka mahali hadi mahali ni lile la kwanza, maana kila sehemu imepewa utando unaofaa kazi yake.

UMIO NA MFUKO WA TUMBO

Katika umio utando una seli bapa zilizopangwa safu juu ya safu, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Chakula kigumu kikipita kikakwaruza, mkeka wa juu hubanduka, na wa chini yake huchukua nafasi yake. Hapa hapana kazi ya kufyonza chakula. Ni njia ya kupita tu, kwa hiyo ukuta umejengwa kwa kustahimili.

Chakula kikifika katika mfuko wa tumbo, utando hubadilika ghafula. Mikeka hukoma, na badala yake kuna safu moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute mzito. Utando huo umejaa vishimo visivyohesabika, mithili ya visima ambavyo watu wa Turkana huchimba katika mchanga wa laga wakati wa kiangazi. Ndani ya visima hivyo mna seli za kazi mbalimbali. Ziko zinazotoa tindikali kali, na ziko zinazotengeneza kimeng'enya cha kuvunja nyama. Kimeng'enya ni kitu kinachotolewa na mwili ili kukikata chakula vipande vidogo.

Je, kwa nini tindikali hiyo haiuli mfuko wenyewe? Ni kwa sababu ute ule mzito hufunika ukuta wote, na kwa sababu seli za juu hubadilishwa upya kila baada ya siku chache. Pale ambapo kinga hiyo imeshindwa, kidonda cha tumbo hutokea. Tena tindikali hii ni mlinzi wa kwanza wa mwili, kwa kuwa huua vijidudu vingi vinavyomezwa pamoja na maji au chakula. Lakini haiwezi kuua vyote. Mtu akinywa maji yaliyochafuka sana, vijidudu huingia kwa wingi kupita nguvu za mlinzi, na vile vilivyosalia hufika katika utumbo mwembamba.

VIJIDOLE VYA UTUMBO MWEMBAMBA

Sasa tumefika mahali penye ajabu kuu. Ukiutazama kwa macho utando wa utumbo mwembamba utaona mikunjo inayouzunguka. Ukitumia kioo cha kukuza, utaona kwamba juu ya mikunjo hiyo kuna vijidole vilivyosimama karibu karibu kama nyuzi za kitambaa cha mahameli. Urefu wa kijidole kimoja ni kati ya nusu milimita na milimita moja. Ukitumia hadubini utaona kwamba kila kijidole kimevikwa seli ndefu, safu moja tu. Na kwa hadubini yenye nguvu kabisa ya umeme, itaonekana kwamba kichwa cha kila seli kina vinywele maelfu, vilivyopangwa kama nywele za brashi.

Sababu ya mpango huu ni kuongeza eneo la kufyonzea chakula. Vitabu vya zamani vilisema kwamba utumbo ukikunjuliwa wote ungetosha kutandika uwanja wa tenisi. Vipimo vipya vilivyotolewa na wataalamu wa Sweden mwaka 2014 vilionyesha kwamba hesabu hiyo ilikuwa kubwa mno, na kwamba eneo lenyewe ni kama mita mraba 30. Hata hivyo, hilo ni eneo la chumba kikubwa, nalo limekunjwa likakaa ndani ya tumbo la mtu mmoja.

Ndani ya kila kijidole mna mishipa myembamba ya damu, na katikati yake mna mshipa mmoja wa limfu. Sukari na vipande vya nyama vilivyokwisha kuvunjwa huvuka seli na kuingia katika damu. Mafuta kwa sehemu kubwa huingia katika ule mshipa wa limfu. Damu yote inayotoka utumboni hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa, nao huipeleka moja kwa moja kwenye ini kabla ya kwenda mahali pengine. Tafadhali msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

Basi pimeni wembamba wa mlango huu. Seli moja ya kijidole, tangu kichwani mpaka mguuni, ni fupi hata ikabidi kupanga kama 40, moja baada ya nyingine, ili zifike urefu wa milimita moja. Safu moja ya seli kama hiyo ndiyo pekee inayotenganisha uchafu wa utumboni na mishipa ya damu iliyomo ndani ya kijidole.

Kwa sababu ya wembamba huo, walinzi wamewekwa wengi. Kati ya seli zinazofyonza ziko seli zenye umbo la kikombe, zinazomwaga ute. Chini ya utando, hasa karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, yako makundi ya seli za kinga, kama vituo vya askari mpakani. Hata hivyo, vijidudu vya homa ya matumbo hujua kupenya papo hapo penye vituo.

Kati ya kijidole na kijidole mna visima, na chini ya visima hivyo zinakaa seli mama. Hizi huzaa seli mpya wakati wote. Seli mpya hupanda polepole kutoka kisimani mpaka ncha ya kijidole, zikifanya kazi njiani, na zikifika nchani huchakaa na kuanguka. Safari hiyo huchukua kama siku 3 hadi 5. Kwa hiyo utando wa utumbo ambao msomaji anao leo si ule aliokuwa nao juma lililopita. Tena kazi imegawanywa: visima hutoa maji na chumvi ili kukilainisha chakula, na vijidole huyafyonza tena pamoja na riziki. Kwa mtu mzima mwenye afya, yanayotolewa na yanayofyonzwa hulingana karibu sawasawa.

Utumbo mpana hauna vijidole. Una visima tu, na seli nyingi za ute, kwa kuwa kazi yake ni kufyonza maji yaliyobaki na kuyafanya makapi yawe magumu.

MAZIWA NA WATU WA MIFUGO

Kuna jambo moja linalowahusu hasa wafugaji. Sukari ya maziwa huvunjwa na kimeng'enya kimoja kilichoko katika vile vinywele vya seli za utumbo mwembamba. Watoto wachanga wote wanacho. Lakini sehemu kubwa ya wanadamu duniani hupungukiwa nacho wakisha kukua, na wakinywa maziwa mabichi mengi hujaa gesi na kuharisha. Miongoni mwa watu ambao mababu zao waliishi kwa mifugo, wengi huendelea kuwa nacho maisha yao yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba uwezo huo ulianza Afrika ya Mashariki kwa njia yake yenyewe, mbali na ule wa watu wa Ulaya. Ufugaji umeacha alama yake hata katika seli za utumbo.

KIPINDUPINDU: VISIMA VISIVYOFUNGWA

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan walipofika huko. Na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu yake. Maji hutoka katika visima virefu vya mashine kando ya laga ya Tarach, katika nchi yenye jua kali na mvua haba. Mahali penye watu wengi na maji machache, kipindupindu hupata nafasi. Kiliingia Kakuma mwaka 2005, kikarudi tena mwaka 2017.

Kijidudu cha kipindupindu hakili ukuta wa utumbo, wala hakiupenyi. Hushikamana juu ya utando na kutoa sumu, na sumu hiyo huziamuru seli zimwage chumvi bila kikomo. Penye chumvi maji hufuata. Visima vya utumbo hufunguka visiweze kufungwa, na mtu mzima aweza kupoteza hata lita moja ya maji kwa saa. Choo chake huwa kama maji yaliyooshewa mchele. Damu hukosa maji, na mgonjwa aweza kufa siku ile ile.

Lakini hapa elimu ya utando imeleta wokovu mkubwa. Mnamo miaka ya 1960 wataalamu walifahamu kwamba katika seli za vijidole kuna mlango ambao hupitisha chumvi na sukari zikiwa pamoja, na mlango huo sumu ya kipindupindu haiufungi. Kwa hiyo mgonjwa akipewa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo cha haki, vijidole huyafyonza, hata kama visima bado vinamwaga. Jambo hili lilipata kujaribiwa katika kambi ya wakimbizi iliyofanana na Kakuma kwa shida zake. Mwaka 1971 watu wengi sana walikimbia vita vya Bangladesh wakaingia India, na kipindupindu kikazuka kati yao huko Bangaon. Dawa ya maji ya kutia katika mishipa ilipokwisha, Dakta Dilip Mahalanabis aliamuru wagonjwa wapewe maji ya chumvi na sukari ya kunywa, wakihudumiwa hata na jamaa zao. Vifo, ambavyo hapo mwanzo vilifikia kama 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka chini ya 4.

Dawa hiyo ndiyo inayotolewa hata leo katika zahanati kwa pakiti za ORS. Ikiwa pakiti hazipatikani, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge mpaka viishe kuyeyuka. Usizidishe chumvi, maana chumvi nyingi humdhuru mgonjwa. Mpe anywe kidogo kidogo mara nyingi, na akitapika ungoje kama dakika 10 kisha uendelee. Wakati huo huo apelekwe hospitali bila kukawia. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Kwa mtoto anayeharisha, zahanati hutoa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, ambavyo husaidia utando kupona.

NJAA NA VIJIDOLE

Seli za vijidole hujilisha kwa sehemu kubwa kutoka katika chakula kile kile kinachopita juu yake. Chakula kikikoma siku nyingi, seli mama hupunguza kazi, na vijidole hufupika. Vivyo hivyo hutokea kwa mtoto anayemeza uchafu kila siku, hata kama haharishi: vijidole hubabuka, mlango wa riziki hupungua, na mtoto hubaki mfupi na mnyonge ingawa anakula. Njaa huleta utando dhaifu, na utando dhaifu huifanya njaa kuwa kali zaidi.

Katika ukame wa mwaka 2011, na tena katika ule wa miaka 2020 hadi 2023, watoto wengi wa Turkana walihitaji kutibiwa kwa ajili ya utapiamlo. Huenda mzazi akashangaa kuona muuguzi akimpa mtoto aliyekonda kabisa maziwa kidogo tu, kila baada ya saa 2 au 3, badala ya kumpa sahani iliyojaa. Muuguzi hafanyi ubahili. Utumbo usio na vijidole vya kutosha hauwezi kupokea mzigo mkubwa, na mwili wote uliodhoofika, pamoja na moyo, waweza kuzidiwa na chakula kingi cha ghafula. Mtoto akianza kupata nguvu, kipimo huongezwa, na baadaye hupewa chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga. Kwa kuwa seli mpya huzaliwa kila siku, ukuta uliobomoka waweza kujengwa upya, mradi upewe nafasi na usafi.

UVIMBE WA MAJI KATIKA INI

Maradhi ya tatu ni yale yanayoitwa haidatidi. Mchinjaji wa mbuzi, kondoo au ngamia huenda ameyaona bila kuyajua: ni vile vifuko vyeupe vyenye maji vinavyokutwa katika ini au mapafu ya mnyama. Ndani ya vifuko hivyo mna vichwa vya tegu mdogo. Mbwa akitupiwa nyama hiyo, vichwa hivyo hushikamana na utando wa utumbo wake, kati ya vijidole, kwa kulabu na vinyonyeo. Tegu huyo akikomaa hana zaidi ya milimita 7. Hamdhuru mbwa kwa jinsi ya kuonekana, lakini hutoa mayai, na mayai hutoka pamoja na mavi, yakasambaa mchangani, majini, na katika manyoya na ulimi wa mbwa.

Mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono isiyonawa au kwa maji, ganda huyeyushwa na maji ya tumbo na utumbo, na kiluwiluwi chenye kulabu sita hutoka. Hapo hufanya lile ambalo kijidudu cha kipindupindu hakiwezi: huichimba safu ile moja ya seli, huingia ndani ya kijidole, na kufika katika mshipa wa damu. Damu hiyo huenda wapi? Tulikwisha sema: moja kwa moja kwenye ini. Ndiyo sababu uvimbe huu hupatikana katika ini kuliko mahali pengine, na baada ya ini, katika mapafu. Kifuko hukua polepole kwa miaka, wala mgonjwa hasikii maumivu mwanzoni, mpaka pengine tumbo lake livimbe.

Utafiti uliotangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kaskazini-magharibi mwa Turkana wagonjwa wapya walizidi 200 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na kiwango hicho kilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa vilivyopata kujulikana duniani. Sababu yake si fumbo. Mbwa huishi bomani pamoja na watu, hulala karibu na watoto, huwalamba, na hula matumbo ya wanyama waliochinjwa. Na maji ya kunawia ni adimu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kazi ya kupambana na ugonjwa huo: kuwafundisha watu, kuwapa mbwa dawa ya tegu, kuwatibu wagonjwa, na kuwapima watu vijijini kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha uvimbe bila kupasua.

Wagonjwa hutibiwa kwa operesheni, kwa vidonge vya albendazole, au kwa kunyonya maji ya kifuko kwa sindano chini ya uangalizi wa daktari. Mtu asithubutu kuutoboa uvimbe huo nyumbani. Maji yake yakimwagika ndani ya mwili yaweza kuua mara moja, au kupanda vifuko vingine vingi.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kwenda choo, baada ya kushika mbwa, na kabla ya kula au kumlisha mtoto. Pasipo sabuni, majivu husaidia.

2. Kunywa maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa, na uyaweke katika chombo chenye kifuniko. Tumia choo, usiache uchafu katika laga, maana mvua ikinyesha hurudi kisimani.

3. Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari tangu saa ya kwanza. Usingoje mpaka macho yazame.

4. Ini au mapafu yenye vifuko vya maji yachomwe, au yazikwe chini sana, mbwa asiweze kufukua. Hili ndilo jambo moja linalokata mnyororo wote wa haidatidi.

5. Mbwa apewe dawa ya tegu kama afisa wa mifugo atakavyoelekeza. Mayai huanza kutoka kama wiki 6 baada ya mbwa kuambukizwa, kwa hiyo dozi moja haitoshi mwaka mzima.

6. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa apelekwe zahanati, wala asishibishwe kwa ghafula.

MASWALI

Walimu na wazazi waweza kuwauliza watoto maswali haya: Matabaka manne ya ukuta wa utumbo ni yapi? Kwa nini umio una seli safu nyingi, na utumbo mwembamba una safu moja? Seli za vijidole hubadilishwa baada ya siku ngapi? Kwa nini sukari hutiwa pamoja na chumvi katika maji ya mgonjwa wa kuharisha? Na kwa nini uvimbe wa haidatidi huonekana kwanza katika ini?

Atakayeyajibu yote bila kutazama somo amekwisha kujua sababu ya kila agizo tulilolitaja, naye hatalisahau upesi. Mlango wa riziki ni mwembamba kuliko ukucha, nao haufungwi kwa komeo. Hulindwa kwa mikono iliyonawa, kwa maji safi, na kwa shimo refu la kuzikia ini lenye ugonjwa.